Karibu Kwangu

Mpendwa msomaji, mama mwenzangu,

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limenisumbua moyoni kwa muda mrefu, na ambalo nimekawia kuliandika kwa sababu linanigusa mimi mwenyewe. Ni habari ya mtu asiye na pa kulala.

Miaka michache iliyopita, usiku wa mvua, mdogo wangu wa kiume aligonga mlango wetu. Huyo ni kitinda mimba wa mama yetu, na ndiye niliyembeba mgongoni nikiwa bado msichana mdogo. Alikuwa amelewa, nguo zimelowa chapachapa. Mume wangu alinitazama akasema, "Huyu ni ndugu yako, mama. Sema wewe." Nami nikasema. Nilimpa chai na mkate palepale barazani, nikamwambia, "Acha pombe kwanza. Ukishaacha, njoo, mlango uko wazi."

Nilidhani nimesema maneno ya hekima. Nilikuwa na mabinti ndani, nilikuwa na heshima ya nyumba ya kulinda, na niliamini kwamba ukimpa mlevi kitanda umempa nafasi ya kulewa vizuri zaidi. Mdogo wangu akamaliza chai yake, akasema, "Asante, dada," akaondoka. Kwa karibu miaka miwili alilala stendi ya mabasi na kwenye vibaraza vya maduka. Na kila mama yetu alipopiga simu kutoka kijijini, swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo: "Mwanangu analala wapi?" Sikuwa na jibu.

Je, nilikosea? Je, mtu atengenezwe kwanza ndipo apewe nyumba, au apewe nyumba kwanza ndipo atengenezeke? Nimekuja kujua kwamba swali hili halikuwa langu peke yangu. Kuna mji mzima uliojiuliza swali hilo kwa miaka mingi, ukajibu kwa njia moja, ukaona haifai, kisha ukageuza jibu lake. Mji huo ni Helsinki, mji mkuu wa Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Wengi wetu tunawafahamu Wafini kwa sababu ya wamisionari wao wa Kilutheri, ambao walianza kazi Tanzania mwaka 1948. Leo tuwaangalie wakiwa kwao, na tuone walivyowatendea watu wao wasio na makazi.

MJI WA BARIDI KALI

Helsinki iko ufukweni, lakini usifikiri bahari ya Tanga au Mombasa. Wakati wa baridi maji ya bahari yenyewe huganda, na kuna siku ambazo kipimo cha joto hushuka hadi digrii 20 chini ya sifuri. Mtu akilala nje usiku kama huo, huenda asubuhi asiamke.

Nchi hiyo, ambayo leo ni tajiri, iliwahi kujua vizuri maana ya kukosa makazi. Baada ya vita vyake na Urusi ya Kisovyeti katika miaka ya 1940, Wafini zaidi ya 400,000 walipoteza makwao katika eneo la Karelia, ikabidi watafutiwe pa kuishi. Wengi walipewa ardhi na kujenga upya. Lakini wako waliobaki nyuma, hasa wanaume wasio na wake wala kazi, wengine wakiwa wameumizwa na vita mwilini na akilini. Katika Helsinki baadhi yao walilala ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kuwakinga watu na mabomu.

Mwaka 1967 Ufini iliadhimisha miaka 50 ya uhuru wake. Majira hayohayo ya baridi, watu wasio na makazi walikufa nje katika mitaa ya Helsinki. Watu wenye uchungu wa jambo hilo, wakiwamo madaktari vijana, wakaanzisha chama kilichoitwa Vuguvugu la Novemba, wakapaza sauti mpaka mji ukasikia. Baada ya hapo yakafunguliwa mabweni zaidi ya kulala usiku.

Mabweni hayo yaliokoa maisha, na tusiyadharau. Lakini bweni ni bweni. Kitanda chako kiko karibu na kitanda cha mtu usiyemjua. Viatu unaviweka chini ya mto visiibiwe. Asubuhi unatoka, jioni unarudi kupanga foleni. Mwaka 1985 Helsinki ilikuwa na nafasi 2,121 za namna hiyo katika mabweni na nyumba za kulala za muda. Wako waliokaa humo mwaka baada ya mwaka, wakazeeka humo.

NGAZI ISIYOPANDIKA

Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, msaada kwa wasio na makazi ulipangwa kama ngazi. Chini kabisa kuna bweni. Ukikaa bila kulewa na bila fujo, unapanda hadi chumba cha kushirikiana na wengine. Ukiendelea vizuri, unapanda tena. Juu kabisa, mwisho wa safari, kuna nyumba yako mwenyewe. Ukiteleza, unarudi chini.

Ukiitazama ngazi hiyo kwa haraka utasema ina haki. Ndivyo tunavyolea watoto, sivyo? Fanya vizuri, upate zawadi. Mimi nami, kwa maneno yale ya barazani, nilikuwa nimemsimamishia mdogo wangu ngazi ya namna hiyo.

Lakini hebu tufikiri kama akina mama. Ni nani kati yetu anayeweza kumfundisha mtoto kulala mapema wakati mtoto hana kitanda? Mgonjwa wa kisukari asiye na mahali pa kuweka dawa, atazinywaje kwa saa? Mtu asiyejua usiku wa leo atalala wapi, utamwambiaje apange ya mwezi ujao? Ngazi ile iliwadai watu walio dhaifu kuliko wote wafanye kazi iliyo ngumu kuliko zote, tena wakiwa nje, bila usingizi na bila faragha. Wengi walipanda na kuanguka mara nyingi mpaka wakaacha kujaribu.

WAZEE WANNE NA JINA LA MLANGONI

Ufini haikukaa kimya. Mwaka 1985 miji mikubwa, kanisa, Msalaba Mwekundu na wengine waliungana kuunda shirika liitwalo Y-Säätiö. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: kununua nyumba za kawaida, moja hapa na moja pale, ndani ya majengo ya kawaida, na kuwapangisha watu wasio na makazi. Fedha nyingi za kununulia zilitoka katika faida ya mashine za kamari, ambazo wakati huo zilikuwa mikononi mwa shirika moja la taifa. (Najua baadhi yetu tutakunja uso hapo. Hata mimi nilikunja.) Leo shirika hilo lina nyumba zaidi ya 17,000.

Mwaka 1987, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa makazi kwa wasio na makazi, Ufini ilihesabu watu wake wa namna hiyo na kukuta kama 18,000. Kwa juhudi za miaka 20 idadi hiyo ilishuka hadi kama 8,000. Hata hivyo, likabaki kundi ambalo halikuguswa: watu waliokaa miaka mingi bila makazi, wenye pombe, dawa za kulevya, maradhi ya akili, madeni, na historia ya jela. Mwaka 2008 watu hao walikuwa kama 3,500, na wengi wao walikuwa Helsinki. Ngazi iliwashinda.

Mwaka 2007 watu wanne walipewa kazi ya kulifikiria jambo hili upya. Mmoja alikuwa Eero Huovinen, askofu wa Helsinki. Wa pili alikuwa Paavo Voutilainen, mkuu wa idara ya ustawi wa jamii ya mji. Wa tatu alikuwa Hannu Puttonen, kiongozi wa Y-Säätiö. Wa nne alikuwa daktari Ilkka Taipale, ambaye miaka 40 kabla alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha lile Vuguvugu la Novemba. Taarifa yao waliipa jina fupi la Kifini, Nimi ovessa, maana yake "Jina mlangoni." Huko Ufini, katika majengo ya kupanga, jina la mpangaji huandikwa kwenye mlango wake. Walitaka kila mtu awe na mlango wenye jina lake.

Ushauri wao uliipindua ngazi. Walisema: anzeni na nyumba. Mtu apewe makazi yake ya kudumu kwanza, bila kudaiwa kwanza aache pombe au apone. Kisha, akiwa ndani, asaidiwe katika mengine. Fikra hii haikuzaliwa Ufini peke yake. Mjini New York, mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alikuwa ameanza kazi ya namna hiyo kwa wagonjwa wa akili waliolala mitaani. Lakini Wafini ndio walioifanya kuwa siasa ya nchi nzima, kuanzia mwaka 2008.

MABWENI YAGEUZWA NYUMBA

Helsinki iliamua kwamba mabweni hayatatengenezwa tu, bali yataondolewa na nyumba zitachukua mahali pake. Mfano mmoja ni jengo la Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu. Lilikuwa bweni kubwa la wanaume. Likabomolewa ndani na kugeuzwa kuwa nyumba ndogo kama 80, kila moja na mlango wake, jiko lake na bafu lake.

Anayeingia humo anatia sahihi mkataba wa upangaji kama mpangaji mwingine yeyote. Analipa kodi. Asiye na kipato anapata ruzuku ya serikali ya kumsaidia kulipa, lakini kodi ni jina lake na wajibu wake. Chini ya jengo wako wafanyakazi wa ustawi wa jamii, mchana na usiku katika majengo mengi ya aina hiyo. Hawaji kama askari wa zamu, wanakuja kama majirani wenye ujuzi: wanasaidia barua za ofisini, miadi ya hospitali, mapishi, mpango wa kulipa madeni. Mkazi anaweza kukataa msaada wao, na bado nyumba inabaki yake.

Na pombe? Katika chumba chake mwenyewe, mpangaji hakatazwi. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa Jeshi la Wokovu, ambalo askari wake wanaapa kutogusa pombe kabisa! Lakini walikubali kwamba kuruhusu si kusifu. Mtu aliyekuwa akinywa uchochoroni katika baridi kali sasa yuko mahali ambapo mtu anaweza kugonga na kumuuliza hali, na ambapo siku akisema "nimechoka, nisaidieni," msaada uko ngazi chache chini yake.

Hesabu za Helsinki zinaonyesha mageuzi hayo. Zile nafasi 2,121 za mabweni za mwaka 1985 zilikuwa 558 mwaka 2008, na mwaka 2016 zilibaki 52 tu. Wakati huohuo nafasi katika nyumba zenye wafanyakazi wa kusaidia ziliongezeka kutoka 127 hadi 1,309. Mji wenyewe ulijitayarisha kwa muda mrefu: unamiliki sehemu kubwa ya ardhi yake, na una nyumba za kupangisha zaidi ya 50,000. Katika kupanga mitaa mipya, nyumba za bei nafuu zinachanganywa na nyumba nyingine, ili maskini wasikusanywe upande mmoja wa mji.

Mpendwa msomaji, nisikupambie habari hii. Majirani katika baadhi ya mitaa walilalamika waliposikia nyumba ya namna hiyo inajengwa karibu nao, na wakazi wenyewe wamelazimika kupata imani yao. Katika mji wa Espoo, jirani na Helsinki, wakazi wa nyumba moja wamezoea kutoka na kuokota takataka za mtaa mzima, majirani wakiwaona. Wako walioshindwa kuishi na wengine na kuhamishwa. Wako waliopata nyumba na bado wakafa kwa pombe. Na wako waliopata nyumba wakaugua upweke, kwa sababu marafiki wao wote walikuwa wa mtaani. Nyumba haiponyi kila kitu. Inampa mtu mahali pa kuanzia.

KAZI ILIYOANZISHWA NA MJANE

Katika Helsinki, mmoja wa watendaji wakubwa wa kazi hii ni Taasisi ya Mashemasi wa Kike. Historia yake ni ya kutia moyo kwetu sisi wanawake. Ilianzishwa mwaka 1867 na Aurora Karamzin, mama tajiri aliyekuwa amefiwa na waume wawili. Huo ulikuwa wakati wa njaa kuu katika Ufini. Mazao yaliharibiwa na baridi, watu wakaacha makwao na kutembea barabarani wakiomba, na homa zikawafuata. Mama huyo angeweza kufunga milango ya nyumba yake kubwa na kulia msiba wake. Badala yake alifungua hospitali ndogo, na shemasi wa kike wa kwanza, Amanda Cajander, ambaye naye alikuwa mjane, akaiongoza. Baada ya wagonjwa wakapokelewa na yatima.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, taasisi hiyo inawapa makazi watu ambao milango mingine imewakataa, na moja ya nyumba zake imepewa jina la Aurora.

WANAWAKE WASIOONEKANA

Hapa kuna jambo ambalo sisi akina mama tulitazame kwa makini. Ukienda mjini ukaona watu waliolala nje, wengi ni wanaume, na ni rahisi kudhani wanawake hawana shida hiyo. Wafini walijifunza kwamba sivyo. Katika hesabu yao, wengi wa wasio na makazi hawalali barabarani bali wanahamahama kwa ndugu na marafiki: wiki mbili hapa, siku tatu pale. Na mwanamke, zaidi ya mwanamume, hujificha. Anabaki kwa mume anayempiga kwa sababu hana mahali pengine. Analala kwa mwanamume asiyempenda kwa sababu ya paa. Hahesabiwi, kwa kuwa hakuna anayemwona.

Je, sisi hatuwajui? Mjane ambaye arobaini haijapita na shemeji zake wameshabadilisha kufuli. Msichana wa kazi aliyefukuzwa jioni na mfuko wake wa rambo, hajui hata stendi ilipo. Binti aliyepata mimba akaambiwa arudi siku baba atakapotulia. Hata Mariamu, mama wa Bwana wetu, alipofikwa na uchungu alikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Hatusomi popote kwamba alikuwa amefanya kosa. Nafasi haikuwapo tu.

GHARAMA NA FAIDA

Labda mume wako akisoma ukurasa huu atauliza, "Na fedha je?" Ni swali la haki. Serikali ya Ufini na miji yake walitumia fedha nyingi kujenga na kununua. Lakini mtu aliye nje naye ana gharama: gari la wagonjwa, kitanda cha hospitali, polisi, mahabusu, na mabweni yenyewe. Katika mji wa Tampere walipofanya hesabu kwa wakazi wa nyumba moja, waliona kwamba kila mkazi alipunguza gharama hizo kwa kiasi cha euro 14,000 kwa mwaka.

Idadi ya wasio na makazi iliendelea kushuka karibu kila mwaka, ikafika 3,429 mwaka 2023, na wale wa muda mrefu wakabaki elfu moja na kidogo tu. Kisha mwaka 2024 ikapanda tena hadi 3,806, baada ya miaka mingi ya kushuka. Serikali ilikuwa imepunguza ruzuku za kodi, na wanaowahudumia watu hao walikuwa wameonya. Hapo nasi tupate somo. Hata mji uliofanikiwa, ukilegeza mkono, hurudi nyuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

NA SISI JE?

Najua utasema, "Hao ni Wafini, wana fedha." Ni kweli. Nchi yao nzima ina watu kama milioni 5 na nusu tu. Kwa sensa ya mwaka 2022, Dar es Salaam peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 5.3. Hatuwezi kuiga majengo yao kesho asubuhi. Lakini mpangilio wa fikra hauhitaji euro. Kuanza na makazi badala ya kuanza na masharti, hilo tunaweza, kila mmoja kwa kiasi chake.

Basi nimalizie habari ya mdogo wangu.

Mwaka jana mama aliugua. Alipopata nafuu akaniambia, "Wewe ni mkubwa wao. Nisife kabla sijajua mwanangu analala wapi." Nikaongea na mume wangu na ndugu zangu. Hatukumleta ndani ya nyumba yetu. Nina mabinti, na sikutaka kuwapa mzigo usio wao. Tukachanga. Tukamtafutia chumba kimoja cha kupanga, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, tukatoa. Nikampelekea godoro, chandarua, ndoo, jiko la mkaa na sufuria mbili. Nikampa kufuli na funguo zote mbili. Ilinibidi nijizuie nisibaki na mmoja.

Safari hii sikumwambia aache pombe kwanza. Nilimwambia, "Chumba ni chako. Mimi nitapita Jumatano na Jumamosi."

Wiki ya kwanza hakulala humo. Alirudi stendi, akasema ukimya wa chumba unamtisha. Wiki ya pili alilala siku tatu. Mwezi wa pili nilimkuta anafua. Sasa anabeba mizigo sokoni asubuhi, na nusu ya kodi analipa mwenyewe, mwezi huu ndiyo, mwezi mwingine hapana. Bado anakunywa. Sitakudanganya, mama mwenzangu, bado anakunywa, ingawa si kama zamani, na mara mbili nimerudi nyumbani nikilia. Lakini mwezi wa nane alinifuata mwenyewe akaniomba nimsindikize hospitali. Miaka ile ya stendi hakuwahi kuniomba hivyo, na mimi sikuwahi kujua pa kumpata.

Kisha mama akaja kutoka kijijini. Nilimpeleka kumwona. Mdogo wangu alikuwa amefagia, ameazima kiti kwa jirani, na chai ilikuwa jikoni. Mama alipopiga hodi, alifungua mlango akasema, "Karibu kwangu, mama."

Nilisimama pale nje nikawaza. Tangu utoto wetu tumefundishwa kusema karibu. Ni neno la kwanza la heshima katika lugha yetu. Lakini mtu asiye na mlango hawezi kumwambia mwenzake karibu. Kwa miaka yote ile, mimi ndiye niliyekuwa nikimkaribisha na kumfukuza. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, yeye ndiye aliyetukaribisha.

TUFANYE NINI?

Katika kikundi chenu cha akina mama, au jioni nyumbani pamoja na mume wako, jadilini haya:

1. Ni nani katika ukoo wetu, mtaa wetu au usharika wetu ambaye hana pa kulala, au analala mahali pasipo salama? Msiwasahau wanawake wanaojificha kwa ndugu.

2. Ni masharti gani tumemwekea mtu huyo? Je, anaweza kuyatimiza akiwa nje?

3. Kikundi chetu kinachangia harusi na misiba. Je, tunaweza kuweka akiba ndogo ya kodi, ili mjane au msichana aliyefukuzwa apate chumba kwa miezi mitatu ya kwanza?

4. Nani atapita kumwona? Chumba bila mtu wa kugonga mlango ni upweke. Wekeni zamu, na msiende kukagua. Nendeni kusalimu.

5. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yetu iko wapi, na diwani wetu anasema nini juu ya watu wanaolala nje katika kata yake? Tumuulize kwa heshima, na tumuulize tena.

Na kama wewe, kama mimi, uliwahi kusimama barazani ukamwambia mtu wako atengenezeke kwanza, usijihukumu mpaka ukate tamaa. Ulisema ulichokijua. Lakini kama bado yuko hai na yuko nje, hujachelewa kutafuta kufuli na funguo mbili.

Hadi mwezi ujao, Mungu akubariki wewe na nyumba yako.

Dada yako katika Kristo.